UZI: Walivyoomba fedha za kusomea samaki, kobe na mifupa – Marekani ya karne ya 19

MtunzaChupa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kutunza vielelezo vya wanyama: ndege waliochunwa na kujazwa pamba, nyoka na vyura kwenye chupa za spiriti, wadudu waliochomwa pini kwenye droo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Mwezi uliopita nilifungua kabati la chini nikakuta chupa moja ya samaki imekauka. Kifuniko kilipasuka, spiriti ikapaa yote, samaki amebaki mkavu kama dagaa wa juani, mkia umekunjamana. Lebo yake ya penseli bado inasomeka: jina la kijiji, tarehe, na herufi mbili za jina la aliyemvua. Iliandikwa kabla sijazaliwa.

Spiriti nilikuwa nimeiomba kwa barua mara tatu. Jibu la mwisho nililopewa, tena kwa mdomo tu, lilikuwa swali: "Hao samaki wanamsaidia nani?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Nikaanza kusoma jinsi waliotutangulia kwenye kazi hii walivyoulizwa swali hilohilo, na walivyolijibu. Nimekwama kwa Wamarekani wa karne ya 19 kwa sababu wao hawakuwa na mfalme wa kufadhili wataalamu kama ilivyokuwa Ulaya. Kila senti ilibidi iombwe, kwa wabunge, kwa matajiri, kwa wakulima na wavuvi. Wapo waliopata, wapo waliofukuzwa. Nitashusha kidogo kidogo, mniulize katikati.

---

Mwana_Kilombero

Natega kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

MtunzaChupa

Nianze na Charles Willson Peale wa Philadelphia. Kwa asili alikuwa mchoraji wa sura za watu, George Washington alikaa mbele yake zaidi ya mara moja. Miaka ya 1780 akaanza kukusanya wanyama nyumbani kwake na kuwaonyesha watu kwa kiingilio.

Mwaka 1801 akasikia kwamba mkulima mmoja wa jimbo la New York, John Masten, amekuta mifupa mikubwa ajabu kwenye shimo la tope shambani kwake. Peale akafunga safari. Alimlipa dola 200 kwa mifupa iliyokwisha kutolewa na dola 100 nyingine kwa ruhusa ya kuendelea kuchimba, akaongeza bunduki kwa kijana wa nyumba na magauni kwa wanawake. Mfukoni hakuwa na kitu. Chama cha wasomi cha Philadelphia, American Philosophical Society, ndicho kilichomkopesha dola 500. Shimo lilikuwa linajaa maji kila wakichimba, kwa hiyo akajenga gurudumu kubwa la mbao ambalo watu waliingia ndani yake na kulizungusha kwa kutembea, nalo likavuta mnyororo wa ndoo. Waliokuja kutazama nao walitamani kuingia kutembea humo.

Walichotoa ni mastodoni, mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka duniani. Mifupa ikaunganishwa, na Desemba ya mwaka huohuo watu wakaanza kulipa nusu dola kumwona, juu ya robo dola ya kuingia makumbusho.

Peale alijua viingilio havitoshi. Alitaka nchi iichukue makumbusho yake iwe mali ya taifa. Akamwandikia Thomas Jefferson, ambaye alikuwa Rais wa nchi na papo hapo rais wa chama kile cha wasomi, mtu aliyependa mifupa ya kale kuliko kiongozi yeyote ninayemjua. Jefferson akamjibu kwa upole kwamba yeye binafsi angependa, ila ana mashaka kama katiba inaruhusu Bunge kutumia fedha kwa jambo hilo. Jimbo la Pennsylvania lilimpa Peale nafasi bure mwaka 1802 ndani ya jengo ambamo Azimio la Uhuru lilipitishwa mwaka 1776. Ila baada ya jengo kuwa mali ya jiji, akaanza kudaiwa kodi.

Alifariki 1827. Warithi walihangaika na madeni, na kufikia mwisho wa miaka ya 1840 wanyama wake walinunuliwa na wenye maonyesho ya biashara, akiwamo P. T. Barnum. Mastodoni aliishia Ujerumani, kwenye makumbusho ya Darmstadt, na mpaka leo makazi yake ni huko.

---

Binti_wa_Ngambo

Kaka, pole na kazi. Lakini kiingilio nacho si mchango wa umma? Maelfu walilipa kwa hiari yao.

---

MtunzaChupa

Dada, ni mchango, sikatai. Lakini mwenye kulipa kiingilio analipia kustaajabu. Akishamwona mastodoni mara mbili hana sababu ya kurudi, na zile droo mia za ndege wadogo, ambazo ndizo kazi yenyewe ya elimu viumbe, hakuna aliyeziulizia. Peale alipata macho ya watu, hakupata mikono yao. Ndiyo maana nataka niende kwa mtu wa pili, na kwake nitakaa sana.

Louis Agassiz alizaliwa Uswisi mwaka 1807, akafika Boston 1846 akiwa tayari anajulikana Ulaya kwa utafiti wa samaki wa kale waliogeuka mawe na wa barafu za milimani. Alialikwa kutoa mihadhara ya bure kwa watu wa mji. Kiingereza chake kilikuwa cha kukwamakwama. Anatafuta neno, halipati, anageukia ubao na chaki: mstari, mstari, na samaki anatokea na magamba yake, au mdudu anapita kutoka kiwavi hadi kipepeo mbele ya macho ya watu. Ukumbi ulifurika hadi mihadhara ikabidi irudiwe. Mwaka uliofuata Harvard wakampa uprofesa.

Sasa tazameni alivyoomba.

Kwanza, hakuomba fedha. Aliomba samaki. Alisambaza waraka wa kuchapwa kwa maelfu, akiwataka watu wa kila mto na ziwa wamletee samaki wa kwao, na ndani yake maelekezo: namna ya kuwahifadhi na namna ya kuwasafirisha. Wakamletea. Walimu, madaktari wa vijijini, wavuvi, maofisa wa jeshi. Henry David Thoreau, yule mwandishi aliyekuwa akiishi kibandani kando ya bwawa la Walden, alimpelekea mwaka 1847 samaki, kobe wa maji na hata mbweha hai.

Pili, mwaka 1855 akatangaza kitabu. Kitakuwa cha juzuu kumi juu ya viumbe wa Marekani, kila juzuu dola 12. Watu 500 wakijiandikisha, kazi itaanza. Hebu fikirieni: kitabu kizito cha michoro ya mayai ya kobe, kwa bei hiyo, kwa watu wasio wasomi. Walijiandikisha kama 2,500. Majina yao yalichapwa kwenye juzuu ya kwanza, iliyotoka 1857. Na kwenye dibaji Agassiz aliandika kwamba anatarajia kitabu chake kisomwe na wafanyakazi wa viwandani, wavuvi na wakulima sawasawa na wanafunzi wa vyuo.

Ndani ya dibaji hiyohiyo aliwashukuru waliomletea kobe. Mmoja ni J. W. P. Jenks, mwalimu mkuu wa shule huko Middleborough. Inasimuliwa kwamba Agassiz alihitaji mayai ya kobe ambayo hayajafikisha saa tatu tangu yatagwe, ili aone kiinitete mwanzo kabisa. Jenks akawa anaamka kabla ya alfajiri kuanzia katikati ya Mei, anakaa kimya kando ya bwawa mpaka kengele ya shule, kila siku, wiki baada ya wiki, akiwa na ndoo ya mchanga. Siku kobe alipopanda ufukweni na kutaga ilikuwa Jumapili, hakuna treni ya abiria. Akasimamisha treni ya mizigo, akapanda na ndoo yake hadi Boston, akakodi gari la farasi hadi mlangoni kwa Agassiz, na saa tatu zilikuwa hazijaisha.

Mimi nikisoma habari ya huyu mwalimu na ndoo yake nasahau hata shida zangu. Hakulipwa. Aliombwa kitu anachoweza kufanya, akaelezwa kwa nini ni muhimu, na jina lake likawekwa kwenye kitabu.

---

JiweGumu

Uzi mzuri sana. Mkuu naomba niongezee upande wa miamba, maana nimefanya jiolojia Kanda ya Ziwa miaka mingi na hili la "linamsaidia nani" nalijua vizuri.

Majimbo ya Marekani yalianza kugharamia tafiti za ardhi na viumbe kuanzia miaka ya 1820 na 1830. New York mwaka 1836 walitenga dola 26,000 kwa mwaka kwa miaka minne, jumla 104,000, na hawakuishia kwenye mawe. Waliweka na mimea na wanyama. Hamu ya wabunge ilikuwa makaa ya mawe, kwa kuwa jirani zao Pennsylvania wanayo tele. Wataalamu wakazunguka jimbo zima na kurudi na habari isiyopendeza: miamba ya New York ni ya zamani kuliko tabaka zenye makaa, msipoteze fedha kuchimba. Habari hiyo iliokoa fedha za watu wengi, lakini nani anampigia makofi mtu aliyesema hakuna?

Katika timu ile alikuwamo James Hall. Kazi ya miaka minne yeye aliifanya kwa zaidi ya nusu karne. Juzuu ya mwisho ya visukuku vya New York, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ilitoka 1894. Kila awamu ya bunge ilimlazimu aanze kuomba upya. Mwaka 1875 aliuza mkusanyiko wake kwa makumbusho mapya ya jiji la New York kwa dola 65,000.

Kinyume chake ni Josiah Whitney wa California. Aliteuliwa 1860 kufanya utafiti wa jimbo lote. Wabunge walitaka kuonyeshwa dhahabu ilipo. Mwaka 1864 kikatoka kitabu cha kwanza, na kilikuwa cha visukuku! Halafu wakaja walanguzi wa mafuta ya petroli kuuza hisa za visima hewa, Whitney akasema waziwazi kwamba ni ulaghai. Wakamchukia. Baadaye yeye mwenyewe alisema petroli ndiyo iliyowaua, akimaanisha tamaa ya kuuza mali isiyo na thamani kwa bei kubwa. Mwaka 1874 fedha zilikatwa moja kwa moja.

Kwa maoni yangu Whitney alikuwa sahihi kwa kila alichosema, ila aliwadharau waliokuwa wanamlipa. Hakukaa nao chini. Mchimbaji mdogo akikuuliza jiwe hili ni nini, mjibu, hata kama kwako ni swali la darasa la kwanza.

---

MtunzaChupa

JiweGumu, nashukuru sana, hii sikuwa nayo kwa undani huo. Nakubaliana nawe juu ya kukaa chini na watu. Ila namheshimu Whitney kwa kitu kimoja: hakuahidi dhahabu ili apewe hela. Nimekutana na maandiko ya miradi yanayoahidi dawa ya kila ugonjwa kutoka kwa kila chura. Miaka mitatu ikipita bila dawa, hata anayekuja kuomba kabati la kawaida anaonekana tapeli.

---

Mwalimu_Kitui

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Mimi ningejibu hilo swali la bosi wako kwa neno moja: nzige. Mwisho wa 2019 walipoingia kwetu, kila mtu ghafla alitaka mtaalamu wa wadudu. Mwaka mmoja kabla, ungemwambia mtu unasomea panzi angekucheka. Hao Wamarekani hawakuwa na nzige?

---

MtunzaChupa

Mwalimu, walikuwa nao, tena wa kutisha. Miaka ya 1870 nzige wa Milima ya Rocky walikula mashamba ya tambarare za kati hadi familia zikahama. Mwaka 1877 Bunge la nchi likaunda tume ya wataalamu watatu wa wadudu na kuipa dola 18,000. Ndipo wakulima na wabunge wakakubali kwamba kumjua mdudu anataga wapi na lini ni kazi ya serikali.

Lakini mtazame aliyetangulia. Thaddeus William Harris alikuwa mkutubi wa Harvard. Mchana vitabu, muda unaobaki wadudu. Jimbo la Massachusetts lilimpa kazi ya kuandika ripoti ya wadudu waharibifu wa mazao, ikatoka 1841. Iliwasaidia wakulima kwa miongo mingi na kuchapwa tena na tena. Malipo yake yote kwa kazi hiyo: dola 175. Aliiandika kwa lugha ya mkulima, mdudu baada ya mdudu: anafananaje, anakula nini, hutokea mwezi gani, umfanyeje. Harris angelipwa vizuri na kupewa msaidizi, wangekuwa na elimu kubwa zaidi siku nzige walipofika.

---

Sauti_ya_Mnazi

Naomba nitie neno, na sitalipunguza makali. Mnamsifu Agassiz. Huyo ndiye aliyefundisha kwamba sisi Waafrika tuliumbwa mbali na wazungu, aina nyingine kabisa. Na ndiye aliyesababisha watumwa wavuliwe nguo wapigwe picha. Mwanzisha uzi unalijua hilo au umeliruka?

---

MtunzaChupa

Ndugu yangu, nalijua, na umefanya vema kulileta kabla sijafika. Halirukwi.

Mwaka 1850 Agassiz alikuwa South Carolina. Kwa ajili yake, huko Columbia watu saba waliokuwa utumwani walipelekwa kwa mpiga picha Joseph Zealy, wakavuliwa nguo, wakapigwa picha za sahani za fedha, mbele na ubavuni, kama tunavyopiga picha kielelezo. Majina yao yamebaki: Renty, Delia, Jack, Drana, Jem, Alfred na Fassena. Delia alikuwa binti wa Renty. Kwa Renty pameandikwa neno moja la asili yake: Congo. Picha zilikaa zimesahaulika hadi 1976 zilipokutwa darini kwenye moja ya makumbusho ya Harvard. Baada ya kesi ya muda mrefu iliyofunguliwa na mama anayesema Renty ni babu wa babu zake, mwaka 2025 Harvard walikubali kuziachia, ziende kwenye makumbusho ya historia ya Waafrika wa Marekani huko Charleston.

Mimi ninayeandika lebo kila siku, picha hizo zinaniumiza kwa namna ya pekee. Lebo ni kwa ajili ya samaki. Aliyemwekea lebo baba na binti yake kisha akawarudisha shambani alijua anachofanya, na mvuto uleule uliowafanya watu wajaze ukumbi na kununua juzuu za dola 12 uliipa nguvu na sumu hiyo. Umma ulipomwamini kwenye kobe, ulimwamini na kwenye watu. Hata kwenye kobe alikosea kwa kiburi: kitabu chake kilitetea kwamba kila spishi ni wazo la Muumba lisilobadilika, na miaka miwili baadaye akaja Darwin na hoja kwamba spishi hubadilika, Agassiz akampinga hadi kufa.

Mjini kwao Cambridge palikuwa na shule yenye jina la Agassiz. Tangu 1889 mwalimu mkuu wake alikuwa Maria Baldwin, mwanamke mweusi. Mwaka 2002 shule ikaondolewa jina la Agassiz na kupewa la Baldwin. Naona walifanya haki.

Namna yake ya kuomba naichukua. Yeye mwenyewe simchukui.

---

Sauti_ya_Mnazi

Nimekuelewa. Endelea basi na hiyo fedha ya bunge, maana hujaifikia.

---

MtunzaChupa

Asante. Mkusanyiko wa Agassiz ulikuwa umekua hadi hauna pa kukaa. Mwanzo aliweka vitu kwenye kibanda cha mbao kando ya mto Charles, baadaye kwenye jengo kubwa kidogo, nalo la mbao. Chupa za spiriti ndani ya nyumba ya mbao, cheche moja tu! Mimi hilo nalielewa mwilini.

Tajiri mmoja, Francis Calley Gray, alifariki 1856, na kutokana na mali yake zikatolewa dola 50,000 za makumbusho ya wanyama, kwa sharti kwamba riba yake isitumike kujengea wala kulipia mishahara. Sharti hilo liliwalazimisha wengine waingie. Agassiz akaenda kwenye bunge la jimbo la Massachusetts, akawaeleza wabunge wenyewe, wengi wao wakulima na wafanyabiashara. Mwaka 1859 wakapitisha dola 100,000. Zilitoka kwenye mauzo ya viwanja: jimbo lilikuwa linafukia ghuba ya matope pembeni ya Boston na kuuza ardhi mpya, kwa hiyo hakuna mkulima aliyeongezewa kodi. Raia wakachanga zaidi ya 71,000. Novemba 1860 jengo likafunguliwa, la matofali. Lipo hadi leo, na nimefurahi mno kugundua kwamba baadhi ya ndege wa yule Peale aliyefilisika, baada ya kuzunguka kwa wafanyabiashara, wamefika humo.

Washington nao walikuwa na Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho. Mwingereza James Smithson, ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani, aliiachia nchi hiyo zaidi ya dola laki tano. Dhahabu ikafika 1838, Bunge likabishana hadi 1846 ifanye nini. Mkuu wake wa kwanza, Joseph Henry, aliogopa makumbusho itameza fedha zote za utafiti, na hakuwa mjinga kuogopa. Msaidizi wake Spencer Baird alifika 1850 na vielelezo vyake vimejaza mabehewa mawili ya treni. Baird alikuwa kama Agassiz bila mbwembwe za jukwaani: aliandika barua. Kwa maofisa wa jeshi walioko mipakani, kwa wafanyabiashara wa ngozi kaskazini ya mbali, akiwapelekea maelekezo, na spiriti pia. Mara nyingine spiriti hiyo ilinyweka njiani, lakini vielelezo vilikuja kwa wingi hadi Bunge likaanza kutoa fedha za kila mwaka za kuvitunza.

---

Binti_wa_Ngambo

Kaka, kuna kitu hujakitaja na mimi nimekaa nakisubiri. Bandari ya Salem! Hao hao wa Massachusetts ndio waliokuwa wakija Unguja. Mkataba na Sayyid Said ni wa 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Bibi zetu shuka nyeupe waliiita merikani kwa sababu hiyo. Walichukua pembe, gundi ya sandarusi, karafuu. Hawakuchukua na samaki?

---

MtunzaChupa

Dada Binti, walichukua! Mwanzoni mwa miaka ya 1860 kijana mmoja wa Salem, Caleb Cooke, alikuja Zanzibar kukusanya viumbe kwa ajili ya makumbusho ya Agassiz. Samaki wa bahari yetu wakaondoka kwenye meli zilezile za merikani na sandarusi. Bila shaka Cooke hakuzamia na kuwavua wote mwenyewe. Kuna wavuvi wa Kizanzibari walioingiza mikono kwenye madema na kumpa. Jenks amewekwa kwenye dibaji. Wavuvi wetu walitoa kilekile alichotoa Jenks, tena kwa kujua bahari kuliko mgeni yeyote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata fedha.

---

JiweGumu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Agassiz alipokufa, fedha ziliendelea?

---

MtunzaChupa

Swali zuri na jibu lake chungu. Kitabu cha juzuu kumi kiliishia juzuu ya nne, 1862. Mwaka 1873 mfanyabiashara wa tumbaku wa New York, John Anderson, alimpa Agassiz kisiwa cha Penikese na dola 50,000, naye Agassiz akaanzisha shule ya kiangazi ya walimu, wanaume na wanawake, wasome viumbe wa baharini kwa kuwashika, si kwa kukariri. Desemba ya mwaka huo Agassiz akafariki. Shule ilifunguliwa kiangazi kimoja zaidi, 1874, basi. Makumbusho yenyewe ilisimama kwa sababu mwanawe Alexander alikuwa ametajirika kwa migodi ya shaba akawa anaingiza fedha zake binafsi. Si kila makumbusho ina mtoto mwenye mgodi.

Kwa hiyo barua yangu ya nne nimeiandika upya. Sijaanza na spiriti. Nimeanza na samaki aliyekauka, jina la kijiji alikotoka, na kwamba nimempigia simu mwenyekiti wa kijiji hicho. Samaki wa aina ile hawavuliwi tena pale tangu miaka mingi, wazee wanamkumbuka kwa jina, vijana hawajawahi kumwona. Nimeambatanisha barua ya mwenyekiti, imepigwa muhuri. Lita za spiriti nimezitaja ukurasa wa pili.

---

Mwana_Kilombero

Mkuu, nimesoma mwanzo mwisho. Huku shambani kwetu kuna chura mdogo wa kijani ana mistari miwili ya njano ubavuni, hutoka mvua za kwanza tu. Jana mmoja nimemkuta amekufa kwenye ndoo. Anakufaa? Nifanyeje?

---

MtunzaChupa

Ndugu yangu, ananifaa sana! Mpige picha kwanza, mgongoni, tumboni na ubavuni, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa. Walio hai usiwaguse, na huyu usimsafirishe bila kibali: mwonyeshe afisa wanyamapori wa wilaya, nitakutumia barua ya kumpa. Kwa sasa mlaze kwenye chupa safi yenye kifuniko cha kubana na umimine spiriti mpaka afunikwe. Kisha chukua kipande cha karatasi ngumu, andika kijiji, shamba la nani, tarehe, saa, hali ya mvua, na jina lako kamili, ukitumbukize ndani ya chupa, usikibandike nje. Tumia penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti, na jina lako nataka lisomeke.